Herufi ya Kwanza

Duka lilikuwa Ruwi, nyuma ya stendi ya mabasi:
mashine tisa, kiyoyozi kimoja
kinachodondoshea maji ndooni,
baisa mia nne kwa saa.
Ami Mselem aliuza mtandao
kama jirani yake alivyouza vitambaa,
kwa kipimo, na kwa jicho kali.

Siku zile kuingia kulikuwa na sauti,
modemu ikilia kama paka aliyekanyagwa mkia,
kisha kimya, kisha subira.
Picha ilishuka mstari kwa mstari,
paji la uso, nyusi, pua.
Mchumba wa bintiye Bi Thuwaiba, picha kutoka Wete,
hakuwa amefika mdomoni muda ulipokwisha.
"Ongeza nusu saa," akasema Bi Thuwaiba. "Nataka kuona meno."

Kiarabu kilitoka kinyumenyume,
au visanduku vitupu, au alama za kuuliza safu kwa safu,
utadhani ukurasa ndio uliotujia na shida.
Kila ulipogusa, dirisha jipya,
dirisha juu ya dirisha, na katikati
moja linalometameta: HONGERA, UMESHINDA!
Sadashivan alishinda mara sita mwezi mmoja
na bado alipiga pasi kanzu za watu.

Kisha vikaja vile vipau vya juu.
Hakuna aliyeviita. Vikajipachika,
kimoja, cha pili, cha tano,
mpaka ukurasa ukabaki mwembamba
kama tundu la jicho kwenye barakoa za wanawake wa Sharqiya.
Ami akaisoma dunia kupitia hapo
mwaka mzima, wala hakunung'unika.

Mimi ndiye niliyemletea kipya, chenye vichupo.
"Vichu-nini?" Akacheka hadi akakohoa.
Kuvinjari alikujua tangu utoto:
kuzungukazunguka kwa hadhari, kama mlinzi wa zamu.
Lakini vidakuzi?
"Mdakuzi ni mtoa siri za watu.
Na nyinyi mnamkaribisha kwa kubonyeza tu?"
Hakukubali hata kimoja. Kila ombi alilifunga
kama anayefukuza nzi kwenye haluwa.

Ila kile cha kale hakukitupa.
Idara fulani ilikuwa na fomu,
na fomu hiyo haikufunguka popote
isipokuwa ndani ya kivinjari kikuukuu, mashine namba tisa.
Kwenye vipya, kitufe cha kutuma hakikuwepo kabisa.
Basi wakaja, kutoka Mabela, kutoka Barka,
wenye simu za thamani kuliko duka zima,
wakapanga foleni mbele ya mashine
iliyofunikwa kitambaa cha kufuma,
na Ami akaifunua polepole
kama karani mzee
ambaye peke yake anajua muhuri ulipo.

Mwaka jana fomu ikahamia kwenye simu.
Foleni ilikatika Jumapili hiyohiyo.

Leo nimekuja kuizima.
Ami anakunywa kahawa, haniangalii.
"Kabla hujagusa waya," akasema,
"bonyeza herufi kwenye kisanduku. Yoyote."

Nikabonyeza k, kikamalizia chenyewe:
*kollam mvua leo.*
W: *wete bei ya kiwanja.*
M: *mama mguu unavimba dawa gani.*
S: *saa ngapi sasa manila.*
Nikabonyeza n, na hapo nikajiona mwenyewe,
miaka kumi na sita, usiku wa matokeo:
*nikifeli naweza kurudia.*

Miaka ishirini ya watu walioondoka
bila kufuta nyuma yao,
kila mmoja kasimama kwenye herufi yake ya kwanza
akingoja kuitwa.

"Huyu hakudakua," Ami akasema. "Alikaa nayo."

Nikauliza: nizime?
Kiyoyozi kikadondosha tone, likalia ndooni.
Akanyoosha mkono,
akaniomba kitambaa.